Kadi, Kamari na Deni la Mwanafunzi

Leo tunazungumza nawe mwanafunzi uliyeacha kamari, lakini madeni bado hayajakuacha. Pengine unadhani balaa hili limekupata wewe peke yako. La hasha! Wengi walipita njia hii kabla yako.

Turudi nyuma hadi jimbo la California, Marekani. Septemba 1957, mjini Los Angeles, watu waliotaka kuacha kamari walifanya mkutano wa kwanza wa chama cha Gamblers Anonymous. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 1958, katika mji wa Fresno wa jimbo hilo hilo, Bank of America ilituma kwa posta kadi za mkopo 60,000 kwa wakazi ambao hawakuziomba. Dawa na kishawishi vikazaliwa jirani.

Mwaka 1970 Marekani ilikataza kumpelekea mtu kadi asiyoiomba. Mabenki yakawafuata wanafunzi vyuoni na zawadi za fulana. Sheria ya mwaka 2009 ikazikataza zawadi hizo, na aliye chini ya miaka 21 akatakiwa kuonyesha kipato chake au kuleta mdhamini. Huko Uingereza, tangu tarehe 14 Aprili 2020, ni marufuku kucheza kamari kwa kadi ya mkopo.

Kwa nini sheria zote hizi? Mraibu akipoteza, hutaka kucheza tena ili arudishe alichopoteza. Mfuko ukiwa mtupu, hulazimika kusimama. Mkopo huondoa kizuizi hicho. Nao madaktari wa akili wa Marekani waliutaja uraibu huu kuwa ugonjwa mwaka 1980, na mwaka 2013 wakauweka kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Kwa hiyo usijiite mjinga. Wewe ni mgonjwa anayepona.

Hapa kwetu Kenya, M-Pesa ilianza mwaka 2007, M-Shwari mwaka 2012 na Fuliza mwaka 2019. Hata kama huna kadi, simu yako inaweza kukukopesha na kukuchezesha kamari saa ile ile.

Sasa ufanye nini? Katika Gamblers Anonymous, wanachama wazoefu huketi na mgeni, wakahesabu madeni yake na kupanga malipo. Nawe fanya vivyo hivyo:

1. Funga mlango. Iombe benki ifunge kadi yako, na ufute programu za mikopo na za kamari katika simu.

2. Mwombe mzazi au ndugu unayemwamini akutunzie pesa kwa muda.

3. Andika madeni yote, hata yale unayoyaonea aibu.

4. Tenga kwanza karo, chakula na nauli. Kinachobaki ugawie madeni, na lenye riba kubwa lipate zaidi. Ukilipa kile kiasi cha chini tu kinachotakiwa na kadi, riba itakula miaka yako.

5. Usipoweza kulipa, mwendee anayekudai kabla ya siku kufika, umwombe umlipe kwa awamu.

6. Usikope ili ulipe mkopo. Wala jamaa wasikulipie yote kwa siku moja, maana mzigo ukitoka ghafla, mkono hurudi kukopa.

Jihadhari na sauti itakayokunong'oneza: "Cheza mara moja tu, ulipe deni lote." Sauti hiyo ndiyo ugonjwa wenyewe. Na ikiwa deni linakunyima usingizi au unafikiria kujidhuru, usikae peke yako. Mwambie mtu leo, kisha nenda kituo cha afya kilicho karibu.

Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini walisema pia kwamba dawa ya deni ni kulipa, na dawa hii hunywewa kidogo kidogo.