Ida B. Wells na Mauaji ya Memphis: Nani Alifaidika?

Yako mauaji katika historia yaliyobaki fumbo si kwa sababu wauaji hawakujulikana, bali kwa sababu waliowajua walifaidika kwa kunyamaza. Katika makala haya tutachambua fumbo moja la namna hiyo, lililotokea katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee, Marekani, mwaka 1892, na jinsi mwandishi mmoja wa gazeti alivyolifumbua.

Kwanza tutazame hali halisi ya wakati ule. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha mwaka 1865 na utumwa ukafutwa. Lakini ardhi, benki na mahakama za Kusini zilibaki, kwa sehemu kubwa, mikononi mwa tabaka lile lile la mabwana. Ida B. Wells alizaliwa utumwani mwaka 1862, huko Holly Springs, Mississippi. Alikuwa mwalimu, na wakati huo huo akiandika safu magazetini kwa jina la Iola. Mwaka 1889 akawa mmoja wa wamiliki wa gazeti la Free Speech mjini Memphis. Mwaka 1891 alifukuzwa kazi ya ualimu kwa kuandika juu ya ubovu wa shule za watoto weusi.

Mwaka 1889 pia, watu weusi wa Memphis waliunganisha fedha zao wakafungua duka la vyakula lililoitwa People's Grocery. Kiongozi wake alikuwa Thomas Moss, mpeleka barua na rafiki mkubwa wa Wells. Jirani palikuwa na duka la mzungu aitwaye Barrett, ambaye hapo awali alikuwa amehodhi biashara ya mtaa ule. Mwezi Machi 1892 ugomvi ulizuka. Watu wenye silaha wakalivamia duka usiku, na baadhi yao wakajeruhiwa kwa risasi na walinzi wake. Moss na wenzake, Calvin McDowell na Will Stewart, wakatiwa jela. Usiku wa tarehe 9 Machi genge liliwatoa jela na kuwapiga risasi nje ya mji. Hakuna aliyeadhibiwa.

Hapa ndipo penye kiini cha fumbo. Wazungu wa Kusini walidai kwamba watu weusi huuawa na makundi kwa sababu ya kunajisi wanawake wa kizungu. Wells mwenyewe alikiri baadaye kwamba naye aliwahi kuyaamini maelezo hayo. Lakini Moss na wenzake hawakushtakiwa kosa hilo. Kosa lao lilikuwa kuuza unga na sukari bila idhini ya mhodhi. Kwa hiyo basi, Wells alijiuliza: ikiwa maelezo haya ni ya uongo kwa hawa watatu, je, kwa wengine?

Alianza uchunguzi. Alikwenda kwenye mahali pa mauaji mengine na kuwahoji watu. Akachukua hesabu zilizochapishwa na gazeti la wazungu wenyewe, Chicago Tribune. Kati ya watu weusi 728 waliouawa na makundi, theluthi moja tu ndio waliokuwa hata wametuhumiwa kunajisi.

Wakati huo huo aliwashauri watu weusi wauhame mji. Maelfu wakaondoka, waliobaki wakasusia tramu, hata wakuu wa kampuni wakafika ofisini kwa gazeti kuomba msaada. Tarehe 27 Mei 1892, Wells akiwa safarini, ofisi ya Free Speech iliharibiwa, naye akaonywa kwamba akirudi atauawa. Hakunyamaza. Mwaka ule ule alichapisha kijitabu chake Southern Horrors, na mwaka 1895 A Red Record. Mwaka 1893 na 1894 alihutubia Uingereza, nchi iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa pamba ya Kusini. Alijua mahali ambapo maneno yangewauma wenye mali.

Tunajifunza nini? Kwanza, chuki ya rangi haielei hewani. Mara nyingi huficha maslahi ya uchumi. Pili, ushahidi wenye nguvu kuliko wote ni ule uliotoka kinywani mwa mpinzani. Tatu, na hili latuhusu sisi tunaofundisha siasa: Wells hakuanza kwa kuwashtaki wengine, bali kwa kuichunguza imani yake mwenyewe. Ni mara ngapi sisi tunarudia habari kwa sababu tu kila mtu anaisema?

Wells alifariki mwaka 1931. Sheria ya serikali kuu ya Marekani iliyoyataja mauaji ya aina hii kuwa jinai ilitiwa saini mwaka 2022, miaka 130 baada ya Moss kuuawa. Ukweli ulikuwa umekwisha kuandikwa zamani. Kilichokosekana ni utashi wa wenye madaraka.