Linux: Amri za kukagua diski kabla ya kufuta faili

DISKI ikijaa katika seva inayotumia mfumo wa Linux, barua pepe hukosa kupokelewa na hifadhidata hukataa kuandika. Kishawishi cha msimamizi ni kufuta chochote kinachoonekana kikubwa. Hapo ndipo hasara hutokea, kwani amri ya rm haina pipa la taka. Faili iliyofutwa hairudi kwa urahisi.

Kwanza, hakikisha uko wapi. Amri ya hostname hutaja jina la tarakilishi unayoiamuru, nayo pwd huonyesha saraka uliyomo. Anayefungua madirisha ya seva kadhaa kwa wakati mmoja huweza kuyachanganya.

Mnamo Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta saraka ya hifadhidata akidhani yumo katika seva ya akiba, kumbe alikuwa katika seva kuu. Alipoikatiza amri hiyo baada ya muda mfupi, takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimetoweka. Ilibainika kwamba nakala za akiba zilizotegemewa hazikuwa zikihifadhiwa. Kampuni iliokolewa na nakala ambayo mfanyakazi alikuwa ameichukua kwa shughuli nyingine saa sita hivi kabla ya mkasa huo. Data iliyoandikwa baada ya hapo ilipotea.

Pili, tafuta kilichojaza diski. Amri ya df -h huonyesha ukubwa wa kila sehemu ya diski, kiasi kilichotumika na nafasi iliyobaki. Kisha andika:

sudo du -sh /var/* | sort -h

Neno sudo hukupa mamlaka ya msimamizi mkuu kwa amri hiyo, du hupima kila saraka iliyomo ndani ya /var, nayo sort huzipanga kuanzia ndogo hadi kubwa. Mara nyingi mkosaji ni /var/log, zinakotunzwa kumbukumbu za matukio ya mfumo.

Tatu, weka nakala katika diski nyingine kabla ya kufuta:

sudo tar -czf /mnt/akiba/log.tar.gz /var/log

Usiiamini nakala hiyo kabla ya kuikagua. Amri ya tar -tzf, ikifuatwa na jina la nakala, huorodhesha yaliyomo.

Nne, futa kwa kutumia rm -i, ambayo huuliza kabla ya kuondoa kila faili. Iwapo df -h haionyeshi nafasi yoyote iliyopatikana, usiendelee kufuta. Huenda kuna programu ambayo bado imeishikilia faili hiyo. Amri ya sudo lsof +L1 huitaja programu yenyewe; ukiianzisha upya kwa systemctl restart, nafasi hurudi.

Kazi hii yote huchukua dakika chache tu. Majuto ni mjukuu, na msimamizi anayekagua kwanza hana haja ya kumlea.