Karanga za Sabuni, Kikombe cha Maji: Kongwa na Historia ya Kutunza Ngozi Nyumbani

Ukihamia Dodoma ukitokea Pwani, ngozi ndiyo inayopata habari kwanza. Ikifika Juni au Julai midomo inakauka, visigino vinapasuka, na ukijikuna mguuni unabaki mstari mweupe kama umeandika kwa chaki. Umepauka! Hakuna uchawi hapo. Mji uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni upepo mkavu, na hewa kavu huvuta maji kutoka kwenye ngozi.

Basi unakwenda dukani, na swali la kwanza ni: ngozi yako ni ya aina gani? Kavu, ya mafuta, mchanganyiko au ya kawaida? Swali si baya. Ila lina historia yake, na linaacha pembeni swali jingine ambalo kwa watu wa uwanda wa kati limekuwa kubwa zaidi: maji yako wapi, na mafuta ni ya nani? Kwa swali hilo, darasa zuri ni Kongwa, wilaya iliyo mashariki ya Dodoma mjini.

"Aina za ngozi" zilitoka wapi?

Mgawanyo wa kavu, mafuta na mchanganyiko ulikua pamoja na biashara ya vipodozi mwanzoni mwa karne ya 20. Helena Rubinstein, mfanyabiashara mzaliwa wa Poland, hutajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa wa kwanza kuuza bidhaa kwa kumgawa mteja hivyo. Mgawanyo wa pili, wa namba, uliletwa mwaka 1975 na Thomas Fitzpatrick, daktari wa ngozi wa Harvard. Yeye alitaka kujua ampe mgonjwa kiasi gani cha mwanga wa tiba bila kumuunguza. Alianza na aina nne, zote kwa kupima ngozi nyeupe. Ngozi ya kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, zikawa aina ya tano na ya sita.

Kwa hiyo mgawanyo mmoja ulimsaidia muuzaji, na mwingine ulimsaidia daktari kupanga dozi. Hakuna hata mmoja uliotungwa kwa ajili ya mtu anayebeba dumu la lita 20 kichwani kutoka kisimani.

Samli na udongo mwekundu

Watu wa Ugogo walikuwa na jibu lao zamani. Ni wafugaji, kwa hiyo mafuta ya ng'ombe na samli yalikuwepo nyumbani, na udongo mwekundu ulichimbwa ardhini. Wazungu waliopita na misafara ya karne ya 19 waliandika kuhusu miili iliyong'aa kwa mafuta na udongo huo, na wengi wao waliuona kama uchafu.

Tuangalie kisayansi. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokufa, zimepangwa kama matofali, na katikati yake kuna mafuta yanayoziba kama udongo wa kujengea. Udongo ule ukipungua, maji yanatoroka. Ukipaka samli, unaziba nyufa. Na wekundu wa udongo unatokana na oksidi za chuma, ambazo huzuia sehemu ya mwanga wa jua. Mahali ambapo maji ya kuoga ni ya kubahatisha, hiyo ilikuwa njia yenye akili kabisa.

Karanga za Waingereza

Sasa turuke hadi mwisho wa Vita Kuu ya Pili. Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kila namna. Sabuni iligawiwa kwa kadi tangu 1942 hadi 1950, na siagi na mafuta ya kupikia nayo yalikuwa ya mgao. Mwaka 1946 Frank Samuel, kiongozi wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, watengenezaji wa sabuni na siagi ya mimea, aliipelekea serikali ya London wazo: tulime karanga Afrika Mashariki kwa wingi usiowahi kuonekana. Mpango ukawa wa zaidi ya ekari milioni 3, na mwaka 1947 kazi ilianzia Kongwa.

Yaliyofuata yanajulikana. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Kiangazi kilipofika ardhi ilikauka ikawa ngumu kama saruji, na mvua haikutosha. Januari 1951 mpango ulifutwa baada ya kuteketeza kama pauni milioni 36. Ukame uleule unaokausha visigino vyako ndio uliokausha karanga zile. Tena kumbuka mafuta yale yalikusudiwa kwenda wapi: kwenye meza na mabafu ya Uingereza. Ngozi ya mtoto wa Kongwa haikuwa kwenye hesabu.

Uso wa mtoto

Uso huo uliingia kwenye hesabu miaka ya 1980, na ulioupeleka huko ni ugonjwa wa macho. Trakoma, ambayo wengi tunaiita vikope, husababishwa na bakteria. Huenea kwa mikono, vitambaa na nzi wanaofuata tongotongo na kamasi kwenye nyuso za watoto. Mtoto akiambukizwa tena na tena, miaka ikipita kope hujikunja kwa ndani, zikakwaruza jicho hadi upofu. Kongwa ilikuwa imeathirika sana, na watafiti wa Tanzania na wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walianza kazi pale.

Dawa ilikuwepo. Kazi ilikuwa kwenye jambo dogo la kila siku: kunawisha uso. Familia nyingi ziliamini kwamba kumnawisha mtoto uso kunataka maji mengi kuliko hali halisi, na maji yenyewe yalikuwa mbali, yana kupika, kunywa na mifugo vinavyoyasubiri. Mama asiyemnawisha mtoto hakuwa mvivu. Alikuwa anapanga bajeti. Watafiti walionyesha mbele za watu kwamba kikombe kidogo kinatosha, na wakazungumza na jamii nzima badala ya kumlaumu mama peke yake.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 kwenye jarida la Lancet. Vijiji sita viligawanywa jozi tatu. Vyote vilipewa dawa ya macho ya tetrasaiklini kwa siku 30, na vitatu viliongezewa kampeni ya kunawa uso. Watoto zaidi ya 1,400 walifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Kwenye vijiji vya kampeni, nyuso safi zilikuwa za kawaida zaidi, na uwezekano wa kuwa na trakoma kali ulishuka kwa zaidi ya theluthi. Haikuwa miujiza: trakoma nyepesi haikupungua vilevile, na kubadili mazoea kulitaka kazi kubwa. Hata hivyo, leo usafi wa uso ni nguzo mojawapo kati ya nne za mkakati wa kimataifa dhidi ya trakoma, pamoja na upasuaji, dawa na usafi wa mazingira.

Na wewe je?

Kwanza, usitishwe na utaratibu wa hatua kumi. Maji kidogo yanatosha, ukianza na uso. Sabuni kali mara nyingi kwa siku huondoa mafuta ya asili, na kwenye hewa ya Dodoma hilo ni hasara. Ngozi kavu: paka mafuta ya mgando au losheni nzito ndani ya dakika chache baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, maana mafuta hayaongezi maji, yanayafungia tu. Ngozi ya mafuta yenye chunusi: nawa mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, kisha tumia losheni nyepesi isiyo ya mgando usoni. Ngozi mchanganyiko: nyepesi kwenye paji la uso na pua, nzito kwenye mashavu.

Kwa mwenye ualbino, kofia, mikono mirefu na mafuta ya kujikinga na jua si urembo. Ni kinga ya saratani. Na mkorogo, hapana kabisa: zebaki huharibu figo, na krimu zenye steroidi hupunguza unene wa ngozi ileile unayotaka ipendeze.

Kisha ukimwona mtoto wa jirani ana tongotongo na nzi usoni, usimcheke mama yake. Uliza kwanza kisima kiko umbali gani.