Dawa ya kusukutua mdomo: inasaidia au inaharibu?

Wadau, miezi kadhaa usiku nilikuwa nasukutua tu, mswaki naupa likizo. Mdomo unanukia mnanaa, kumbe fizi zinavuja damu! Daktari wa meno akanipa somo: utando ulioshika kwenye meno hautoki kwa kusukutua, unatolewa na mswaki.

Dawa yenyewe si mbaya, ila soma chupa. Yenye floridi inasaidia meno yasioze, lakini usisukutue papo hapo baada ya mswaki, maana unaondoa floridi ya dawa ya meno, ambayo ni kali zaidi. Yenye klorheksidini inaua bakteria kweli, ila ukiitumia muda mrefu meno yanapata madoa ya kahawia. Watoto chini ya miaka 6 wasipewe, watameza.

Mdomo ukiendelea kunuka usiifunike harufu, kamwone daktari. Nyie mnatumia?