Nondo wa Medford

Viwavi mnawajua. Wako wa kuliwa, nasi twawaokota kwa furaha wakati wa mvua. Wako wengine ambao ni balaa tupu. Tutaeleza habari za nondo mmoja wa Ulaya, ambaye viwavi wake hula majani ya mtofaa na ya miti mingine mingi, na jinsi alivyofika Marekani.

Katika miaka ya 1860 alikaa Medford, karibu na Boston, Mfaransa jina lake Étienne Léopold Trouvelot. Kazi yake uchoraji, lakini moyo wake ulikuwa kwa wadudu wa hariri. Mwaka 1865 alifuga viwavi wa hariri wa pori wapata milioni moja, chini ya nyavu! Baadaye alileta toka Ulaya mayai ya nondo huyu tunayemsema. Mwaka 1868 au 1869 viwavi wachache wakatoroka.

Miaka mingi ikapita pasipo makelele. Nondo jike wa namna hii haruki; hutaga mayai mamia shinani au ukutani, akayafunika kwa manyoya yake. Lakini viwavi wachanga hupeperushwa na upepo, wakining'inia kwa nyuzi zao. Mwaka 1889 Medford ikajaa. Mitofaa ikabaki mitupu kama wakati wa baridi. Watu wakafagia viwavi kutani, wakawachoma kwa mafuta ya taa. Usiku walisikia sauti ya kutafuna. Trouvelot hakuyaona hayo: alikuwa amerudi Ufaransa tangu 1882, akichunguza nyota.

Mwaka 1890 serikali ya Massachusetts ikatoa fedha. Vibarua wakakwangua mayai, wakafunga magunia mashinani ili viwavi wajifiche humo na kukamatwa, wakanyunyiza sumu. Kazi ikaendelea vizuri, hata kufika 1900 nondo wakawa adimu. Basi wabunge wakakata fedha, kwa kuwa mdudu haonekani tena. Kwa maoni yetu kosa hilo lilipita la yule Mfaransa, maana yeye alitorokwa, bali wao waliacha kwa kutaka. Mayai yaliyosalia yalitosha. Kazi ilipoanza tena mwaka 1905, nondo walikwisha kuvuka mpaka na kuingia New Hampshire. Leo wameenea hata majimbo ya Maziwa Makuu ya huko.

Na ile sumu ya madini ya risasi na aseniki, iliyobuniwa 1892 kwa ajili yao, ilinyunyizwa miaka mingi katika mashamba ya matofaa. Risasi yake ingali udongoni.