Kabla ya YouTube Kulikuwa na Fundi Redio: Historia ya Meza ya Ufundi Masasi, Lulindi na Newala (Na Kitu cha Kwanza Unachotakiwa Kununua)

Leo tunawaweka pembeni kidogo mastaa wa bongo fleva na bifu zao. Leo ni zamu ya mastaa ambao hakuna gazeti lililowahi kuwapiga picha: mafundi redio wa kusini. Majina yao hayapo kwenye kitabu chochote, lakini kuanzia Masasi, ukipita Lulindi, mpaka unapanda mlima kwenda Newala, kila mzee ana fundi wake anayemkumbuka. Na karibu kila mzee atakwambia neno moja la fundi huyo: "Njoo kesho."

Kwa nini nimeamua kuandika hii? Kila korosho zikilipwa, kuna madogo wananitafuta. "Kaka, nimepata hela kidogo, nataka kuanza kujifunza elektroniki nyumbani, ninunue nini?" Ukiwauliza, unakuta tayari wana orodha: blowa, pawa saplai, osiloskopu ndogo waliyoiona mtandaoni. Mita haipo kwenye orodha, au ipo ya mwisho kabisa. Aisee, hapo ndipo historia inapotakiwa kuongea, kwa sababu hiyo "njoo kesho" ya mafundi wa zamani ilitokana na hapo hapo.

REDIO ILIFIKA, MITA HAIKUFIKA

Redio za mwanzo zilikuwa za valvu, zile taa za kioo zinazowaka ndani. Zilikula umeme kama hazina akili. Mwaka 1949, kwa majirani zetu Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, iliingia sokoni redio ya betri ya watu wa kawaida iliyoitwa Saucepan Special, kwa sababu umbo lake lilikuwa kama sufuria. Iliuzwa pauni 5, na betri yake peke yake ilizidi pauni 1. Hapa kwetu Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Sasa jiulize mkulima wa Lulindi enzi hizo angeipata wapi hela ya betri ya namna ile.

Kilichobadilisha mchezo ni transista, kitu kidogo kama punje ya hindi kilichobuniwa Marekani mwaka 1947. Ikafanya kazi ya valvu bila kuhitaji joto, na redio ikaweza kwenda kwa betri chache za tochi. Mwaka 1966 Wajapani wa Matsushita wakaanzisha kiwanda Dar es Salaam, ndio hao wa National. Philips nao walikuwa na kiwanda Arusha. Redio ikashuka mpaka kijijini, kwa Mmakua, kwa Myao na kwa Mmakonde.

Na usifikiri ilikuwa ya kusikilizia muziki tu. Kusini kulikuwa mpakani mwa vita. Kuanzia 1964 FRELIMO walikuwa wanapigana na Wareno ng'ambo ya Ruvuma, kambi yao kubwa ya mafunzo ilikuwa Nachingwea, na sauti yao ilirushwa kutoka Dar es Salaam. Watu wa pande zote mbili za mto walikuwa na ndugu upande wa pili, kwa hiyo habari ilikuwa ni habari ya nyumbani. Halafu mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi kusikiliza redio na kujadili mambo ya vyoo, maji na mbu. Kikundi kina redio moja. Ikizima, kikundi kizima kimezima. Sasa unaelewa fundi alikuwa mtu wa aina gani pale kijijini.

MEZA YENYEWE ILIVYOKUWA

Meza ya fundi wa wakati ule ungeweza kuibeba kwenye kikapu. Bisibisi mbili, koleo, kisu, waya wa risasi ya kulehemu, na chuma chenye ncha ya shaba. Umeme hakuna, kwa hiyo chuma kinapashwa kwenye makaa. Kikipoa, unakirudisha jikoni. Risasi ya kulehemu iliyochanganywa na bati inayeyuka kwenye nyuzi joto 183 hadi 190 hivi, na fundi hana kitu cha kupimia joto. Anajua kwa kuangalia inavyong'aa. Akikosea, transista inaungua, na hizo za zamani za jamaniamu zilikuwa haziwezi joto kabisa.

Kifaa cha kupimia? Balbu ya tochi na betri mbili. Unaunga waya, ukigusisha ncha mbili kwenye sehemu unayoitilia shaka, balbu ikiwaka maana yake waya ni mzima, isipowaka umekatika. Basi. Haikwambii volti ngapi wala rezista imebadilika kiasi gani.

Lakini hapa ndipo wale watu walikuwa wajanja. Redio ya mzee imekata sauti, fundi anafungua mgongo, anawasha, anapandisha volyumu, halafu anagusa waya wa katikati wa kitasa cha volyumu kwa ncha ya bisibisi. Mjini kwenye umeme spika ingenguruma. Huku porini ambako hakuna nyaya za umeme karibu, unasikia tu mkwaruzo mdogo, "krak". Ukiusikia, ujue kuanzia kwenye volyumu mpaka spika kuzima, tatizo liko upande wa kupokea mawimbi. Usipousikia, tatizo liko upande wa sauti. Kwa mguso mmoja ameshakata kazi nusu. Hiyo ni njia inayofundishwa mpaka leo kwa wanaosoma elektroniki, na kuna watu waliijua bila kukanyaga darasa la ufundi.

Na betri je? Zikichoka, zinaanikwa juani pamoja na mihogo! Joto linachangamsha kemikali za ndani, betri inarudi kwa muda mfupi, unapata taarifa ya habari ya saa 2 usiku, halafu inakufa tena.

"NJOO KESHO" ILITOKA WAPI

Mita yenyewe ilikuwepo duniani zamani sana. Inasemwa kwamba Donald Macadie, mhandisi wa posta Uingereza, alichoka kubeba vifaa vingi tofauti, kimoja cha volti, kingine cha ampea, kingine cha ohmu. Akabuni kimoja kinachofanya yote, na mwaka 1923 kikaanza kuuzwa kwa jina la AVO, herufi za ampea, volti na ohmu. Kwa hiyo mita ina zaidi ya miaka 100. Ila kutoka London mpaka kwenye meza ya fundi wa Lulindi ni safari nyingine.

Kwanza hela. Pili, mwishoni mwa miaka ya 70 nchi ilikuwa kwenye hali mbaya: vita ya Kagera ya 1978 na 1979, mafuta juu, fedha za kigeni hakuna. Dukani sabuni yenyewe inatafutwa, nani ataagiza mita? Tatu, barabara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na mvua zikianza njia ya kwenda Dar inageuka tope. Kusini ilikuwa inakatwa na nchi kwa miezi.

Sasa unganisha. Mteja analeta redio. Fundi hana mita, anajua tu kwamba tatizo liko upande wa sauti. Upande huo una transista tatu, kapasita kadhaa, rezista kibao. Ipi imekufa? Anakisia. Anang'oa ya kwenye redio mbovu nyingine, anaweka, hakuna kitu. Anang'oa nyingine. Kipuri kikikosekana, kinasubiriwa kutoka Dar, na Dar inasubiri mvua ikate.

"Fundi, shikamoo. Redio yangu vipi?"

"Marahaba, mwanangu. Njoo kesho."

Kesho ikawa wiki, wiki ikawa msimu. Mtaani wakasema mafundi waongo, mafundi wanakula vipuri vya watu. Siwezi kukuapia kwamba wote walikuwa malaika, wezi hawakosekani kwenye kazi yoyote. Lakini kiukweli wengi walikuwa hawakudanganyi, walikuwa hawajui, na hawakuwa na kifaa cha kuwafanya wajue. Fundi hawezi kukwambia "sijui", utapeleka redio kwa mwingine. Jina baya la mafundi wetu lilitokana kwa sehemu kubwa na kukosa mita na kukosa daraja. Hilo ndilo nililotaka uondoke nalo leo.

VITU VILIPOANZA KUINGIA

Mwaka 1984 serikali ilianza kuruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Vitu vikaanza kurudi madukani. Mwaka 1994 televisheni zikaanza kurusha Tanzania Bara, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70. Fundi redio akaitwa fundi TV bila kuulizwa.

Hapo kazi ikawa ya hatari. Redio ya betri haimuui mtu. Televisheni ya chogo ina umeme wa volti elfu 20 na zaidi unaoelekea kwenye kioo, na kapasita yake kubwa inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Ndiyo maana wakongwe wanakwambia mkono mmoja uweke mfukoni: ukipigwa, umeme usivuke kifua kutoka mkono huu kwenda ule.

Ndipo ikaja taa ya siries, kifaa bora kuliko vyote ukilinganisha na bei yake. Unachukua balbu ya zamani ya waya, wati 60 au 100, unaiunga kwenye njia moja ya umeme unaokwenda kwenye kifaa kibovu. Ukiwasha na balbu ikang'aa kabisa na kubaki hivyo, ndani kuna shoti, na umeme umeishia kwenye balbu badala ya kulipua kila kitu. Ikimulika kidogo halafu ikafifia, unaweza kuendelea. Ila balbu ya LED haifai, usijaribu.

Baada ya 2000 simu zikateka mji. Blowa na darubini zikahamia mezani. Na Juni 2016 TCRA walipozima simu feki, mafundi wengi ndio walioulizwa na wateja: "Fundi, yangu imekufa au imezimwa?" Bado ni kazi ile ile ya kupima kabla hujaongea.

SASA WEWE UNUNUE NINI

Kwa mpangilio huu, dogo:

1. Mita. Ile ndogo ya njano ya namba inatosha kuanzia kwa vitu vya betri. Dukani gusisha waya mbili: isome karibu na sifuri na ilie. Pima betri mpya ya tochi: isome 1.5 au 1.6 hivi. Betri ya ndani ya mita ikichoka, namba zinapanda na kukudanganya, kwa hiyo ukiona betri mpya inasoma volti 2, badilisha ya mita kwanza. Na hii ishike: waya mwekundu ukiwa kwenye tundu la 10A usiuguse kabisa kwenye umeme wa ukutani wa volti 230. Kwenye mita nyingi za bei rahisi tundu hilo halina fyuzi, utakuwa umeunga shoti kwa mkono wako. Ukianza kugusa umeme wa ukutani, tafuta mita nzito zaidi yenye fyuzi nzuri na umpate mtu wa kukusimamia.

2. Chuma cha kulehemu cha kurekebisha joto, na risasi nyembamba yenye dawa ndani. Fanya kazi dirisha likiwa wazi, nawa mikono kabla ya kula, maana ina madini ya risasi.

3. Bisibisi nzuri, koleo ya kukatia na ya ncha ndefu.

4. Taa ya siries, aiunge mtu anayejua umeme.

5. Pawa saplai inayoonyesha ampea. Simu inakula ampea ngapi ikiwashwa, inakusimulia nusu ya ugonjwa.

6. Blowa, ukishajua kupima.

7. Osiloskopu, ukianza kujiuliza maswali ambayo mita haiwezi kuyajibu. Siku hiyo utaijua mwenyewe.

Wale wazee walianza na namba 2 na 3 kwa sababu hawakuwa na namna. Wewe daraja lipo, Kariakoo ni basi la siku moja, mita ni hela ya gunia dogo tu la mawazo. Ukimwambia mteja wako "njoo kesho", basi uwe umeshapima na unajua ni kipuri gani unakisubiri.

Na kama fundi wako wa utotoni yuko hai, mpitie. Muulize alikuwa anapima na nini. Halafu shuka hapo chini utuandikie kwenye maoni: mtaa wenu, kijiji chenu, fundi alikuwa anatumia kifaa gani? Jina lake si lazima, wewe tuambie meza yake ilikuwaje. Nazisoma zote.