Kompyuta ya zamani inakataa CD na fulashi? Jaribu waya wa rezo

Hapa Butembo na Beni tunanunua sana kompyuta za mitumba, na nyingi zinapitia mpaka wa Kasindi. Zingine zinafika sehemu ya CD imekufa, na kwa fulashi zinakataa kuwaka. Fundi anakuambia uiuze kama vipuri. Kabla ya kukubali, angalia tundu la waya wa rezo. Kama iko nzima, mara nyingi mashine inaweza kupokea sistemu kwa njia ile.

Njia hiyo inaitwa PXE, Intel iliitoa mwishoni mwa miaka ya 1990. Ukiwasha mashine, kadi yake ya rezo inauliza: nani atanipa anwani? Kompyuta ya pili, tuiite mama, inaipa anwani na faili ya kuanzia. Mama ikiwa na Linux, programu moja tu, dnsmasq, inafanya kazi zote mbili. Faili yenyewe ni netboot.tar.gz ya Debian, haifiki mega 100. Kwa mashine za zamani sana za biti 32, chukua Debian 12, juu Debian 13 ya Agosti 2025 haiziwekewi tena. RAM ikiwa giga 1, chagua LXDE, iko nyepesi.

Kwenye mashine, bonyeza F2 au Delete inapowaka, ruhusu ianze kwa rezo. Ikiandika PXE-E61, waya haishiki vizuri. Ikiandika PXE-E51, hakuna aliyetoa anwani, basi kagua mama. Wi-Fi haisaidii hapa, lazima waya.

Sasa tuongee pesa, kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia. Ile faili ndogo ni mlango tu. Vingine vyote vinatoka ku intaneti, na ukitaka sistemu yenye madirisha na picha, inaweza kupita giga 1 kwa kila mashine. Shule yenye kompyuta kumi itanunua mega mara kumi! Dawa iko: weka apt-cacher-ng kwenye mama. Wakati wa kusimika, Debian inauliza kuhusu "proxy". Andika anwani ya mama na namba 3142, kwa mfano http://192.168.5.1:3142. Mashine ya kwanza inavuta, zile tisa zinachota kwa mama. Mama yenyewe inaweza kupata intaneti kwa simu.

Lakini usichomeke mama kwenye rezo ya ofisi ya watu. Wakiwa wawili wanaogawa anwani, kompyuta za wengine zinapotea njia. Tafuta swichi yako ndogo, hata ya mitumba.

Nyaraka za zamani uzitoe mbele, maana diski inafutwa yote. Na kama hauna onduleri, ngoja saa ambayo umeme unatulia: ukikatika katikati, mashine ile unaianza upya, ila vilivyokwisha kuvutwa vinabaki kwa mama.